Chokaa ya Mgongoni

Jezi huulizwa kabla ya kufuliwa. Mmemsikia kocha wenu akisema hivyo leo, mkachekana, kisha mkaja mbio kuniuliza kama jezi ina mdomo. Haina. Kaeni chini basi, na hizo simu mziweke mifukoni, maana neno hili lilimtoka mtu aliyenyamaza kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu wa namna hiyo akisema, husikilizwa.

Lilizaliwa hapa hapa mjini kwetu, enzi ambazo kiwanda cha sukari kilikuwa bado kinanguruma na timu yetu ya raga ikiitwa Miwa. Tulicheza raga ile ya watu kumi na watatu, ambayo mkikabwa mkaangushwa mara sita, mpira unakuwa wa wenzenu. Alama tamu kupita zote ilikuwa trai, yaani kuulaza mpira chini ndani ya mstari wa chokaa wa wapinzani. Mfungaji wa trai alibebwa mabegani hadi sokoni. Wengine walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Miwa walikuwa na desturi moja. Kijana akipandishwa timu ya kwanza aliazimwa jezi kwa mechi tatu tu. Jumatatu baada ya mechi ya tatu, wazee watatu walikaa chumbani mwa klabu na jezi ile mezani, ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Wakiridhika, kijana aliitwa ndani akapewa jezi iwe yake. Wasiporidhika, ilitiwa sandukuni, naye akaambiwa aende salama. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Lubanga, mstaafu mwenye miwani minene, mtu wa haki kwa kila alichokiona. Shida ni kwamba alikiona kutoka kwenye kiti.

Mfuaji wa jezi aliitwa Sikolia. Aliishi peke yake katika kijumba nyuma ya uwanja, kitanda kimoja, kikombe kimoja. Ujanani mwake naye aliazimwa jezi mechi tatu, nayo ikaishia sandukuni. Wenzake waliokataliwa walirudi makwao. Yeye alibaki, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda, akaomba angalau afue. Watu walimsalimu wakipita, wakamsahau kabla hajaitikia.

Kwa kuwa hakuwa na wa kuongea naye, Sikolia aliongea na jezi. Msimcheke, upweke ukimkaa mtu atasema hata na sufuria. Kila Jumamosi jioni alikaa kwenye kigoda, karai mbele yake, akainua jezi moja moja kabla ya kuitia majini. "Haya, nawe ulikuwa wapi leo?" Tope la magotini hakulipata kwenye jezi, lakini la kiwiko alilipata, na majani ya ubavuni, na damu ya mtu mwingine. Ikija jezi safi, alitikisa kichwa. "Wewe leo ulitembea tu." Alijua uvivu wa kila nyota wa mji ule na hakuwahi kumwambia mtu. Asiyekuwepo na lake halipo, na barazani Sikolia hakuwepo.

Mwaka huo alikuja Nabiswa, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka huko juu mlimani, mkimya, mwenye begi moja la kitambaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wenzake walikula pamoja kwa mama mmoja karibu na geti la kiwanda, naye alikula mahindi ya kuchoma peke yake chini ya milingoti ya goli. Sikolia alimwona kutoka dirishani. Mara mbili alifikiria kumwita aje anywe chai. Mara zote mbili alikumbuka kwamba ana kikombe kimoja, akaona haya.

Mechi ya kwanza Nabiswa hakufunga. Ya pili hakufunga. Ya tatu ilichezwa mvua ikinyesha, chokaa ya mistari imelowa kama uji. Miwa walikuwa nyuma kwa trai moja. Dakika ya mwisho mpira ulimfikia Nabiswa, mbele yake hakuna mtu, njia nyeupe. Ukamponyoka, ukaanguka. Kipenga kikalia. Uwanja mzima ulimzomea, wengine wakamwambia arudi mlimani akachunge. Alivua jezi, akaiweka kwenye rundo na za wenzake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Jioni ile Sikolia alifua jezi kumi na mbili. Alipoinua ya kumi na tatu akasema, kama kawaida, "Haya, nawe ulikuwa wapi?" Kisha mikono yake ikasimama. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, akaigeuza tena. Alikaa hivyo mpaka maji ya karai yakapoa. Hakuifua. Aliitundika msumarini ikiwa na tope lake, akalala akiitazama.

Jumatatu wazee waliketi. Nabiswa alikuwa kwenye benchi la nje, begi lake miguuni, tayari limefungwa. Alijua kitakachosemwa. Wazee nao walijua, walikuwa wanasubiri tu jezi iletwe ili waitie sandukuni waende zao. Sikolia aliingia nayo mkononi. Kwa miaka yote thelathini na mmoja alikuwa akikabidhi jezi mlangoni na kurudi.

Mwalimu Lubanga alivua miwani. "Sikolia, tangu lini jezi ikaletwa hapa na tope?"

"Sijaifua, Mwalimu."

"Naona hujaifua. Nauliza kwa nini."

Sikolia alizoea kusema na nguo, nguo hazimkatizi mtu. Akaitandaza jezi mezani, mgongo juu, tope likachafua karatasi zao.

"Iulizeni."

Mzee mmoja alicheka. "Huyu bwana upweke umemzidi."

"Anayefunga trai huanguka kifudifudi," Sikolia alisema. "Chokaa humshika kifuani. Huyu chokaa yake iko mgongoni. Mwalimu, hesabu mistari."

Lubanga alirudisha miwani, akainama. Mistari ilikuwa minne, mipana, imepishana juu ya kitambaa.

"Mara nne," Sikolia aliendelea, "mtoto huyu alilala chali juu ya mstari wetu wenyewe, amembeba mtu mwenye mpira ili mpira usiguse chini. Nyinyi mliona rundo la watu. Aliye chini ya rundo haonekani kutoka kwenye viti. Tulifungwa kwa trai moja. Bila yeye zingekuwa tano."

"Lakini ule wa mwisho aliuangusha," Lubanga alisema polepole. "Hilo tuliliona sote."

Sikolia aliigeuza jezi, akaushika ukosi. Ulikuwa umetafunwa mpaka nyuzi zikatoka, na alama za meno zilionekana bado. "Na huu? Mtu hatafuni nguo yake kwa njaa, Mwalimu. Huyu alikuwa anazuia ukelele."

Lubanga aliinuka mwenyewe akafungua mlango. "Nabiswa, hebu nione mikono yako."

Kijana alitoa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki mfukoni.

"Yote miwili, mwanangu."

Ulipotoka, vidole viwili vilikuwa vimevimba, vimepinda pale visipostahili kupinda.

"Vilivunjika lini?"

"Kabla ya mapumziko."

"Kwa nini hukusema?"

Nabiswa alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu. "Ningemwambia nani, Mwalimu?"

Tulikuwa mji mzima, na kijana yule hakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba anaumia. Lubanga aliichukua jezi na tope lake akamvisha begani, akamwambia ni yake, na kwamba asubuhi watampeleka hospitali. Nabiswa alilia. Sikolia alikuwa ameshaanza kutoka.

"Sikolia," Lubanga aliita. "Ngoja. Mwaka ule wako nilikuwa hapa, mdogo kuliko wote mezani. Jezi yako ilikuja safi sana. Nakumbuka hata mikunjo yake. Ilikuwa na nini kabla ya hapo?"

Sikolia aligeuka kizingitini.

"Wakati ule kila mtu alijifulia," alisema. "Niliona aibu kuwaletea wazee nguo chafu. Niliamka mapema, nikaisugua mwenyewe mpaka ikatakata."

Ndipo Mwalimu Lubanga, mtu wa haki, alipoinamisha kichwa. Tangu Jumatatu ile, hakuna jezi ya mgeni iliyotiwa majini kabla ya wazee kuiona.

Baadaye Nabiswa aliileta jezi yake kijumbani, maana kwa mkono mmoja hawezi mtu kufua. Sikolia alimpa kigoda na kile kikombe kimoja, yeye akakaa chini na kuisugua taratibu. Chokaa ya mgongoni ilitoka upesi, kwa maji mawili tu. Aliyatazama maji yakiwa meupe karaini, akayamwaga nje.

Kwa hiyo mkimwona mgeni ameangusha mpira, na midomo inawawasha, kumbukeni kwamba yupo mtu aliyefua ushahidi wake kwa mikono yake, na hakuna aliyemuuliza hadi akaota mvi. Jezi huulizwa kabla ya kufuliwa.