Jina la Binti wa Ng'washi

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni nitawadai hukumu.

Walikuwapo wanawake watatu waliofanya kazi katika maabara moja ya mjini, Kanda ya Ziwa. Kabula alijaliwa mkono mwepesi wa kutoa. Nshoma alijaliwa ufundi wa mashine na moyo usioogopa. Bhoke alijaliwa subira, na jicho la kuona rangi inapoanza tu kugeuka.

Ng'washi hakumjua hata mmoja wao. Yeye aliishi kijijini Nyamhuli, jirani na machimbo madogo ya dhahabu, na alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza iliharibika. Ilisemekana zebaki, sumu ya wachimbaji, imeingia katika kimoja cha visima vya kijiji, lakini maji yote yalikuwa maangavu, yote matamu. Kila asubuhi alisimama na ndoo yake asijue achote wapi.

Habari hizo zikafika maabara. Wale wanawake walijua kwamba dhahabu ikivunjwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zikaelea majini, maji huwa mekundu kama juisi ya rosela. Yakitiwa dawa inayovuta zebaki, kisha maji ya kisima, zebaki ikiwamo, chembe hushikamana, na wekundu hugeuka samawati. Ila dhahabu waliyoagiza haikufika.

Kabula akavua pete yake. Ilikuwa ya marehemu mama yake, dhahabu tupu isiyochanganywa na shaba, kumbukumbu pekee aliyoachiwa. Wenzake walimsihi afikiri kwanza. Akaizamisha katika chombo cha maji, akasema, "Mama hanywi tena. Wale bado wanakunywa."

Nshoma akawasha leza. Mwanga wake hupiga mapigo mafupi kuliko kupepesa kwa jicho, na kila pigo huichubua dhahabu na kuitawanya majini. Lakini mwale ulikuwa umepotoka, haukuigonga pete, na ukivaa miwani ya kinga huuoni. Kifaa cha kuunyoosha kwa usalama kingechukua miezi kufika. Nshoma akaivua miwani kitambo kidogo tu. Mwale ukanyooka, pete ikaanza kuliwa. Ila mng'aro uliruka kutoka kwenye dhahabu ukamwingia jicho la kushoto. Tangu siku ile, kila akitazamacho kwa jicho hilo kina doa jeusi katikati.

Hata hivyo maji yalitoka ya zambarau, mazito. Chembe zilikuwa kubwa kwa ndogo, nyingine zimegandana. Wakayajaribu kwa zebaki, yasionyeshe kitu. Kabula akalia, kwa kuwa pete ilikuwa imekwisha.

Hapo Bhoke akawaza. Chembe za dhahabu huonekana nyekundu kwa sababu humeza mwanga wa kijani. Basi, akawaambia, tuyapige maji yenyewe kwa leza ya kijani. Chembe kubwa ziumeze mwanga, zipate moto, zipasuke. Akakaa mbele ya chupa kutwa nzima, akikoroga polepole. Angeacha mapema, chembe zingebaki kubwa. Angezidisha, zingekuwa ndogo hata wekundu ufifie. Wenzake walimwambia atakiharibu hata kile kilichopo. Hakubishana nao, wala hakuacha. Jua lilipoanza kushuka, zambarau ikafunguka ikawa nyekundu safi, naye akazima.

Wakaenda Nyamhuli. Maji ya kisima alichokipenda Ng'washi kuliko vyote yakaigeuza chupa samawati. Kikafungwa siku ileile. Miezi ikapita, Ng'washi akajifungua binti mzima, mwenye sauti ya kuamsha majirani.

Akaapa kwamba mtoto ataitwa kwa jina la aliyemwokoa. Lakini katika ukoo wao hutamkwa jina moja tu, nalo likitamkwa halibadilishwi. Wale watatu walialikwa, na kila mmoja akamtaja mwenzake.

Maduhu, baba wa mtoto, alimtetea Kabula: bila pete yake kazi isingeanza, naye alitoa asichoweza kupata tena. Mama mkwe wa Ng'washi akasema pete ni pete, jicho ni kiungo cha mwili. Mtoto aitwe Nshoma. Baba mkwe akasema, "Pete ilikuwa imekwisha, jicho lilikuwa limeumia, na kile kisima tulikuwa bado tunakinywa. Ni nani aliyekifunga, kama si Bhoke?"

Ng'washi alimsikia kila mmoja, na kila mmoja alimwona ana haki. Aliutazama mkono wa Kabula, kidole kitupu. Alimwona Nshoma akigeuza shingo ili amwone mtoto kwa jicho zima. Alimwona Bhoke, ambaye hakupoteza kitu na hakudai kitu, ameketi nyuma ya wote.

Sasa amemnyanyua bintiye mbele ya ukoo. Midomo yake imefunguka, jina halijatoka.

Mimi nimewafikisha hapa, na mzigo nautua mapajani mwenu. Je, lingekuwa lako kulitamka, ungemwita mtoto nani?