Kibuyu Kilichosema ya Moyoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, acheni kusukumana. Na wewe unayesinzia, kanawe uso.

Basi, hapo kale, huko milimani kwenye ukungu na migomba, aliishi mjane Sekela na binti yake mmoja tu, Atupele. Siku moja zimwi likamkamata Atupele kisimani, likamfungia pangoni, likatangaza: "Jua likizama namla! Anayemtaka aje na moyo safi!"

Mlangoni pa pango kilining'inia kibuyu cha ajabu. Kilisema kwa sauti yale yaliyo moyoni mwa mtu.

Watu wakasema hiyo ni kazi ya wazee wa kanisa. Akaenda Mzee Ambwene, kavaa koti lake la Jumapili.

"Una moyo gani?" zimwi likauliza.

"Safi! Nimekuja kwa upendo."

Kibuyu kikasema, "Nimekuja nisifiwe."

Zimwi likacheka, likanenepa, likamfukuza.

Akaenda Lusajo, mwalimu wa kwaya, kanzu nyeupe pee.

"Una moyo gani?"

"Safi! Sina neno na mtu."

Kibuyu kikasema, "Ambwene kaumbuka, nimefurahi!"

Zimwi likacheka, likanenepa, likamfukuza. Maana chakula chake hasa kilikuwa uongo wa watu.

Jua linashuka. Majirani wakamwambia Sekela, "Mama Atupele, oga, uvae nyeupe, uende."

"Nyeupe ya nini? Moyo wangu naujua mwenyewe."

Akaenda vilevile, unga kwenye khanga, kisu kiunoni.

"Una moyo gani?"

"Mchafu. Nakuchukia. Namwomba Mungu anipe mwingine, huu siuwezi."

Kibuyu kikasema, "Mchafu. Nakuchukia. Namwomba Mungu anipe mwingine, huu siuwezi."

Zimwi likakitikisa kibuyu. Maneno yaleyale. Likakitikisa tena. Maneno yaleyale. Basi, lilipokosa uongo wa kula, likalegea, likaanguka chini pwaa! Sekela akalisukuma jiwe la mlangoni, Atupele akatoka analia, mzima kabisa.

Zimwi lilikuwa limelala, shingo wazi. Sekela akachomoa kisu.

"Nakuua leo!" akasema.

Kibuyu kikasema, "Liache. Limeshaanguka, nalihurumia."

Sekela akageuka kumtafuta aliyesema. Hapakuwa na mtu mwingine. Akajishika kifua, akaelewa kuwa huo ndio moyo aliouomba. Akalia sana, hata mtoto akamshangaa. Akatupa kisu, akamshika Atupele mkono, wakarudi nyumbani kupika. Zimwi nalo likajikokota, likahama, halijaonekana tena milimani.

Hadithi yangu imeishia hapo; mwenye ubishi akakiulize kibuyu.

Nanyi wanangu, shikeni hili: heri anayejua kwamba moyo wake ni mhitaji, akamwambia Mungu hivyo bila kujipamba. Huyo ndiye hupewa moyo safi.