Figo la Pimbi na Askari wa Damu

Ngano yaja.
— Na ije, tumekwisha kaa.
Yaja na uongo wake.
— Uongo mtamu haumwagwi.

Basi hapo kale palikuwa na jumbe mmoja, Jumbe Seguli, mtu mnene, mwenye nguvu, asiyepitwa na kitu. Akiona kuku, wake. Akiona boga la jirani, lake. Boma lake lilikuwa na lango moja, askari saba, na sheria aliyoiandika mwenyewe: hapiti mgeni bila barua ya utambulisho yenye mihuri mitatu. Mama mkwe wake aliwahi kukaa nje siku mbili kwa kukosa muhuri wa tatu.

Siku moja mafigo ya Jumbe yakagoma. Miguu ikavimba, uso ukavimba. Mganga wake, Bi Nyambua, akamwambia atafute figo la ndugu wa damu. Ndugu wakaitwa. Huyu ana safari, yule ana harusi, mwingine amekumbuka ghafla kwamba wala si ndugu.

Jumbe akasema, basi, wanyama hawana harusi.

Akaanza kwa kujaribu. Ngiri akakatwa ncha ya sikio, ikashonwa kwenye sikio la Jumbe, ambalo mbwa alilimega zamani. Jumatatu ile ncha ikawa nyekundu. Jumanne ikawa zambarau. Alhamisi ikawa nyeusi, ikadondoka kwenye mchuzi: top. Bi Nyambua akaeleza kwamba ndani ya damu ya kila mtu mna askari wadogo wadogo wasioonekana. Wakikuta nyama ya mgeni huizingira, huitafuna, huitupa nje. Jumbe hakuwa na muda wa maelezo. Akaagiza akamatwe Pimbi wa mwambani, kwa kuwa Pimbi huota jua kutwa na figo lake haliwezi kuwa limechoka. Mganga aliomba moja. Jumbe akaagiza yote mawili, na ini likipatikana.

Pimbi akaletwa kafungwa kamba. Kisu kikaanza kunolewa: kwaru, kwaru, kwaru. Pimbi akaona hapa kulia hakusaidii. Akapiga mwayo.

"Baba Jumbe, figo ni lako, chukua. Ila nakuonea huruma."

"Mimi? Wewe ndiwe uliyefungwa."

"Nakuonea huruma kwa sababu litauawa langoni. Askari wako wa damu wataliuliza: unatoka wapi, barua yako iko wapi? Figo halina mdomo. Watalipiga, pu, pu, pu. Nitakufa mimi leo, wewe kesho kutwa."

Jumbe akamgeukia mganga. Mganga akakiri kwamba ndivyo. Dawa ya kuwalaza hao askari ipo, lakini hupimwa kwa tone, maana wakizidi kulala hata mafua huingia yakatawala. Jumbe akataka kibuyu kizima.

"Kibuyu hakitoshi," Pimbi akasema kwa upole. "Damu hufuata desturi ya nyumba. Hawa wa lango wakiwa macho wanakagua barua, wale wa ndani watalalaje? Walaze hawa kwanza, tujaribu. Mimi nitakuwa figo. Nitatoka nje, nije kama mgeni. Nisipoulizwa kitu, ujue damu yako iko tayari."

Bi Nyambua akafungua kinywa. Akamtazama Pimbi, akatazama kisu, akakifunga kinywa chake.

Jumbe akaamuru askari walale. Askari wakakataa: kulala kazini ni kosa, kanuni ya nne. Wakataka amri kwa maandishi. Jumbe akaandika. Wakataka muhuri. Jumbe akagonga: gwa. Wakauliza, akija mtu kubisha, ajibiwe na nani? Jumbe, joto limempanda, akaongeza pembeni: asijibiwe na mtu yeyote. Wakalala wote saba. Koroo-fyuu, koroo-fyuu.

Kamba ikafunguliwa. Pimbi akatoka langoni, akageuka, akasimama kwa heshima.

"Hodi."

Koroo-fyuu.

Jumbe akatabasamu. Hakuna aliyetaja barua.

"Hodi, wenyewe."

Koroo-fyuu.

Jumbe akataka kusema karibu. Akakumbuka maandishi yake mwenyewe, akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Hodi, mara ya tatu."

Koroo-fyuu.

Pimbi akangoja kidogo, kama ipasavyo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Sisi tumelelewa. Ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi kwenu, huvunji mlango wa mtu. Kwaheri, Baba Jumbe." Akaenda zake, tipu, tipu, tipu, mpaka mwambani, na mafigo yake mawili, na ini.

Ndipo Jumbe akatoa mikono mdomoni, akaita karibu, karibu, karibu mpaka sauti ikamkauka. Bi Nyambua akampa uji wa mgonjwa, akamshauri aende kwa nduguze mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba, na akifika asiagize, aombe. Mpaka leo anajifunza kuomba. Wanasema kwenye "tafadhali" bado anakwama.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa akikuomba figo, mpe bila maswali, na ukifika kwa watu usipige hodi, ingia tu. Adabu imemkosesha mtu mzima dawa.

Ngano imeondoka.
— Mwenye mbio aifuate.