Mtoto Aliyeandikwa Kwenye Daftari la Umeme

Wapendwa, palikuwa na kijiji kimoja cha nyumba arobaini ambacho hakijawahi kuona taa ya umeme. Siku moja akaja mpimaji wa laini, daftari mkononi. Wazee wakampokea vizuri, wakamwambia, "Usijisumbue bwana, tumeshahesabu. Tuletee transfoma ya nyumba arobaini, hata kesho."

Yule bwana akashukuru. Halafu akaenda zahanati, siku ya kliniki, akakuta akina mama wamepanga foleni ya kupima watoto uzito. Akakaa kwenye benchi akaanza kuhesabu watoto na kuwaandika daftarini!

Jamani, mnajua wenyewe kwetu mtoto hahesabiwi. Ni kumwitia mkosi. Mama mmoja, ulimi wake wembe, akamfunika binti yake kwa khanga.

"We baba, mwanangu unamhesabia nini? Ana miezi minne, hata jino hana. Atawasha taa gani?"

"Leo hawashi, mama. Lakini atakua, atajenga. Nguzo nitakayosimamisha itakaa miaka thelathini. Nisipomhesabu sasa, umeme wake atautoa wapi?"

"Mfute!"

"Samahani, mama. Huyu simfuti."

Kwa ajili ya daftari lile kijiji kikangoja mwaka mzima zaidi, maana nyaya nene na transfoma kubwa hazipatikani upesi. Majirani wa vijiji vingine wakawasha taa, wao bado wako na vibatari. Mnadhani hawakumsema? Walimsema mpaka wakachoka, na yule mama ndiye aliyeongoza.

Ikapita miaka ishirini na mitatu. Nyumba zikafika mia tatu, na mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea juu yake. Kwa majirani, ikigonga saa moja jioni, watu wote wakiwasha, transfoma yao ndogo inazidiwa na taa zinazimika.

Saa moja jioni kama hiyo, binti wa khanga alikuwa kwenye kitanda cha upasuaji, katika zahanati ile ile ambayo sasa imekuwa kituo cha afya. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Mama yake alikaa nje kwenye benchi, macho kwenye balbu. Huko mtaani kila nyumba imewasha, mashine zinanguruma. Moyo wake ulikuwa unangoja taa izime.

Haikutikisika, wapendwa. Kikasikika kilio cha kichanga, nesi akatoka akasema, "Mama, wote wazima."

Yule mama akapiga magoti pale pale sakafuni. "Asante, Mungu, kwa yule baba," akasema huku analia. "Na mimi nilimwambia amfute!"

Sasa sisi. Bomba tunalochota maji, shule tuliyosoma, nani hapa aliyevijenga? Kuna watu walituhesabu kabla hatujaota jino, na wengine wao tuliwacheka. Moyo wangu leo umejaa shukrani kwa ajili yao.

Lakini Jumatano tuna kikao cha laini mpya ya bondeni, ambako hakuna nyumba hata moja. Nimesikia kuna mtu amesema nguzo isipite shambani kwake. Simtaji, anajijua. Ndugu yangu, unataka afutwe mtoto wa nani?

Tusimame tushukuru. Na ukisimama, watazame hawa waliobebwa migongoni mbele yako. Leo nawaruhusu: wahesabuni.