Mbelwa na Nyuzi za Waya

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kunong'ona? Hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hiyo ndiyo. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake silitaji, nisiwaaibishe wajukuu wa Mbelwa, aliishi Bibi Mwamvua, msokota nyuzi za zeze. Alichukua utumbo wa mbuzi akauosha, akaukwangua, akausokota, akauanika kivulini. Akaosha, akakwangua, akasokota, akaanika. Na hakumpa mtu uzi kabla ya kumwambia, "Lete vidole." Alivibonyeza kwa ukucha, kimoja kimoja. Vidole sugu, uzi mnene. Vidole laini, uzi mwembamba.

Basi palikuwa na huyo Mbelwa, mpiga zeze. Mpiga zeze! Niacheni nicheke kwanza. Msimu mzima zeze lilining'inia begani mwake, anazunguka nalo kijijini. Kupiga hapigi, kutamba anatamba.

Ikafika arusi ya Semeni, mjukuu wa Bibi Mwamvua. Arusi hiyo ilikwisha ahirishwa mara moja, mwaka wa ukame, na Semeni alilia mpaka macho yakavimba. Na mila ya pale ilikuwa hivi: bi arusi hatoki ndani mpaka zeze limwite mizunguko saba bila kunyamaza. Zeze likinyamaza, mshenga anakunja mkeka wake. Mkeka ukiisha kukunjwa, wakwe wanarudi kwao, na arusi inangoja mavuno mengine.

Wajomba wa Semeni wakamchagua Mbelwa apige. Kwa nini? Kwa sababu ana kilemba kirefu. Wajomba hao!

Mbelwa akaenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete vidole."

"Sikufuata utumbo mie. Nataka unifungie hizi." Akachomoa nyuzi za waya wa shaba, zinang'aa.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa wasafiri. Nimewapa mbuzi wangu."

"Mbuzi mzima?"

"Mzima, bibi."

"Mbuzi mwenye nyuzi za kukutosha miaka tumboni mwake, umemtoa upate waya wa kukukata. Hongera, mwanangu."

Mbelwa akauvuta waya mmoja, akaupiga mara moja tu. *Nzing!*

"Umesikia? Mpaka ng'ambo ya mto watasikia!"

"Nimesikia mara moja. Arusi ina mizunguko saba. Uzi hauchaguliwi kwa sikio peke yake, kidole nacho kina neno lake. Na vidole vyako hivyo ni vya mtu wa kulishwa. Chukua huu mwembamba wa mbuzi. Sauti yake si kubwa, lakini ni tamu, na utakufikisha."

"Sauti ndogo ni ya vikongwe!"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Kajifungie mwenyewe."

Akajifungia. Akakaza, akakaza, akakaza.

Asubuhi ya arusi watu wakajaa uani. Mshenga akakaa mkekani. Semeni yumo ndani, anangoja kuitwa.

Mzunguko wa kwanza: *nzing! nzing!* Vigelegele! Wajomba wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzunguko wa pili: *nzing! nzing!* Mbelwa akauma mdomo. Wa tatu: *nzing... ai!* Damu. Wa nne, fundi wetu akajifunga jani la mgomba vidoleni: *fya, fya, fya.* Zeze likawa kuku anayepekua takataka. Wa tano, shingo ya zeze ikalia *krii*, ikalia *krii*, kisha *ka!* Ikavunjika.

Zeze limenyamaza.

Mshenga akainuka. Akashika pembe ya mkeka, akaanza kukunja. Ndani, Semeni akapiga ukelele mmoja tu: "Bibi!"

Mkeka ulikuwa umefika nusu iliposikika, *nduu, nduu, nduu*. Bibi Mwamvua ameketi mlangoni na kizeze chake cha zamani, chenye nyuzi za mbuzi, anaumalizia mzunguko wa tano. Waliotaka kusikia ilibidi wanyamaze, na uwanja wote ukanyamaza. Mzunguko wa sita, *nduu, nduu*. Mzunguko wa saba, *nduu, nduu*. Mshenga akaukunjua mkeka taratibu. Semeni akatoka, analia na kucheka pamoja.

Kikapakuliwa chakula. Ugali wa moto na mchuzi wa pilipili. Watu wakamega, wakachovya. Mbelwa akaangalia vidole vyake vilivyochanika, akaangalia pilipili, akameza mate. Hakuna aliyemwonea huruma. Mimi nisingemwonea.

Bibi Mwamvua akamega tonge, akalichovya, akamsogelea Mbelwa nalo.

"Si nilikwambia ni vidole vya mtu wa kulishwa? Haya, fungua mdomo."

Mbelwa akafungua mdomo, mbele ya wajomba, mbele ya wakwe, na kilemba chake kichwani.

Basi enyi mnaopenda vya kung'aa, chagueni kinachowafikisha mzunguko wa saba, msichague kinachopigiwa vigelegele mzunguko wa kwanza. Hadithi yangu nimeilegeza nyuzi, imeishia hapo. Asiyesikia, akalishwe.