Mtoto wa Mahakama ya Ukombe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja aje na akili yake, maana hadithi hii nitaisimulia mimi, lakini hukumu mtaitoa nyinyi.

Katika kisiwa cha Ukombe walikuwapo watu watatu waliojaliwa vipaji. Bi Mgeni hakuona tangu utotoni, lakini masikio yake yaliweza kumsikia panya akipumua darini. Mzee Faki alikuwa mchimba visima. Alijua jiwe lipi ukiligusa litakuzika na lipi litakupisha. Na Bi Raya, mkunga wa zahanati, watu walisema mauti yenyewe yanamwonea haya.

Kisiwa kilikuwa kidogo, na kwa miaka mingi mwenye kesi alilazimika kuvuka maji akashtaki bara. Wananchi walilalamika hadi serikali ikawaletea hakimu mfawidhi, Selestini Mbonde, mtu wa bara, mpole, asiyejua hata kuogelea. Alipewa ofisi katika jumba la mawe lililokuwa forodha zamani. Chumba cha nyuma alikaa tarishi wake, Makame, pamoja na mkewe na binti yao mdogo, Mwanakheri. Makame hakuwa na ndugu, na mkewe vilevile.

Masika moja mvua ilinyesha bila kupumzika, na alfajiri jumba likaporomoka lote. Hakimu, aliyekuwa akilala nyumba ya pili, alitoka mbio, akakuta kifusi. Makame na mkewe walitolewa maiti. Mtoto hakuonekana. Ilipofika adhuhuri wanaume waliweka majembe chini, na imamu akaanza kuomba dua. Hakimu alisimama na matope magotini, hajui la kufanya na mikono yake.

"Nyamazeni!" Bi Mgeni alipaza sauti. Akalaza sikio juu ya mawe, akatambaa, akasikiliza tena. "Yuko hapa. Analia kama paka." Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Bila sikio lile, watu wangekwenda makaburini.

Lakini kusikia si kutoa. Mzee Faki aliondoa jiwe moja moja, akaingia kwa tumbo mpaka nyayo zake zikapotea. Ndani humo ukuta ulimshukia mkono. Akamsukuma mtoto nje kwa mkono wa pili, na ule ulioangukiwa haukushika sururu tena.

Na mtoto aliyetoka hakuwa na pumzi. Watu walishaleta kanga ya kumfunika. Bi Raya aliitupa kando, akamtia mdomo mdomoni, akampulizia, akamkanda kifua. "Mwache astiriwe, mama," walimsihi. Hakuwasikiliza mpaka Mwanakheri akakohoa na kutapika tope.

Ofisi ilijengwa upya palepale, kwa matofali, na kesi ya kwanza kufunguliwa humo ikawa ya mtoto huyo. Wote watatu walitaka kumlea.

"Mheshimiwa, mimi sina mtoto," alisema Bi Mgeni. "Kilio chake nilikisikia mimi, na mpaka leo sikisahau."

"Nami sina," alisema Mzee Faki. "Mkono huu ndio uliokuwa riziki yangu, na nimempa yeye."

"Nimezalisha kisiwa kizima, Mheshimiwa, na nikirudi kwangu nyumba ni tupu," alisema Bi Raya. "Pumzi iliyomo kifuani mwake ni yangu."

Sheria ilitaka mlezi mmoja. Hakimu akajaribu kwanza kuwaridhisha wote, mtoto akae kwa huyu, kisha kwa yule. Haukupita muda Mwanakheri akaacha kucheza. Kila akiamka aliuliza, "Leo niko kwa nani?" Hatimaye akanyamaza kabisa. Hakimu akamrudisha katika chumba cha nyuma cha ofisi, kwa mke wa tarishi mpya, asubiri hukumu.

Hukumu ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila hakimu alipomwelekea mmoja, aliwaona wale wawili. Chakula kikamshinda. Kisha ikaja habari kwamba amehamishwa bara.

Siku ya kuondoka aliwaita wote watatu, akamwita na mtoto.

"Mwanangu, wewe unamtaka nani?"

Mwanakheri aliwatazama mmoja mmoja. "Nikimtaja mmoja, hawa wengine watalia?"

Hakimu alisimama kutoa hukumu, akafungua jalada la kesi, akalifunga tena. Bi Raya alikuwa amefumba macho. Mzee Faki aliinamisha kichwa. Bi Mgeni peke yake ndiye aliyesikia jinsi hakimu alivyokuwa akipumua, akasema taratibu, "Nenda, baba. Tumekuelewa." Naye akaenda, na huko bara hakuwahi kulitaja jina la Ukombe bila kugeuza uso.

Mahakimu wengine wamekuja na kuondoka. Kila mmoja huanza kwa kuapa kwamba ataimaliza kesi ile, na kila mmoja humwachia mwenzake. Mwanakheri sasa anafikia mabega ya mke wa tarishi anayempikia, lakini yeye hana wa kumwita mama. Wale watatu huja kumwona jioni, wakakaa naye barazani, na ofisi ikifungwa kila mtu hurudi kwake, peke yake.

Basi nyinyi mliosikiliza, msiseme wote walistahili, hilo hata hakimu alilijua. Msiseme wagawane, mmeona yaliyomfika mtoto. Na kunyamaza nako ni hukumu, maana Mwanakheri anakua. Sikio lililomsikia, mkono uliomtoa, au pumzi iliyomrudisha: je, wewe ungekuwa umekaa kwenye kiti kile, ungemwambia ashike njia ya nyumba ya nani?