Flashi ya Mama Mkwe

Sakafuni hakuna mwiba wala kisiki, ndiyo maana anayekimbia hapo hujiona hodari kuliko wote. Anachosahau ni kwamba sakafu ina mwisho. Chapuchapu aliijua methali hiyo ya mbio za sakafuni tangu shuleni, na hata wateja aliwahi kuwachapia. Kuijua hakukumsaidia kitu.

Jina hilo la utani alipewa na wateja, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia juu ya kibodi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, alikochapa barua na tasnifu za watu. Vidole vilikimbia, kompyuta ilitambaa. Ukiiwasha asubuhi, ungefagia chumba, ukafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi na kumaliza chai, nayo bado inajikuna. Ndani mlisikika mkwaruzo kama wa panya guniani.

"Diski inakufa hiyo, bwana," fundi alimwambia. "Ibadilishe. Na chochote cha maana kitoe mapema."

"Nyinyi mafundi kila mgonjwa mnamchongea jeneza," Chapuchapu alimjibu. "Mimi nataka mbio tu."

Mbio alizipata mtandaoni. Alisoma kwamba ukichomeka flashi yenye nafasi kubwa, ukaiamuru kompyuta iitumie kama kumbukumbu ya ziada, mashine kuukuu huchangamka. Flashi zake zote zilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa moja tu, ile iliyoning'inia kwenye funguo za mkewe.

Flashi hiyo ilibeba sauti ya mama mkwe wake. Mama huyo aliumwa, akajua hatamwona mjukuu aliye tumboni mwa bintiye, akaomba arekodiwe akimsalimu. "Hivi hiki kidude kinanisikia?" ndivyo alivyoanza, akaishia kucheka baada ya kusahau alichotaka kusema. Akazikwa. Bintiye aliapa kuwa siku atakayomleta mtoto nyumbani, bibi ndiye atakayemkaribisha.

"Niazime flashi, mke wangu. Sauti ya mama naihamishia kwenye kompyuta, itakaa salama."

"Salama kwenye huo mkweche?"

"Nikichelewesha kazi, wateja watanikimbia. Kwani huniamini?"

Swali hilo limewaponza wengi. Mkewe aliichomoa flashi polepole kutoka kwenye funguo, akamwekea kiganjani. "Usinifanyie mchezo na mama yangu," alisema.

Sauti ikahamishwa, flashi ikafutwa, ikachomekwa. Na kweli, kompyuta ilichangamka! Chapuchapu alivimba kichwa, akamwita fundi aje ajionee. Fundi hakutazama kioo. Aliinama akatega sikio.

"Mkwaruzo umezidi. Flashi haitibu diski, kaka. Umetoa nakala ya vitu vyako?"

"Nitatoa. Leo niachie nifaidi."

Alikusudia kweli kutoa nakala. Kila alipokusudia aliingia mteja, naye hakuwa mtu wa kumwambia mteja asubiri.

Mkewe alipokuwa hospitalini amejifungua mtoto wa kike, kompyuta ilikwaruza mara moja kwa nguvu, kioo kikawa cheusi. Fundi alikuja mbio, akaifungua, akaihangaikia mchana kutwa. Mwishowe alifuta mikono. "Sahani ya ndani imechubuka yote. Hakuna cha kuokoa, ndugu yangu. Pole."

Chapuchapu alikwenda kumchukua mkewe, na njia nzima macho yake hayakubanduka kwa mtoto. Mkewe alidhani ni furaha. Walipofika, aliketi kwenye kiti cha wateja, akamfunua mtoto uso.

"Haya, baba. Washa bibi aongee."

Chapuchapu alichomoa flashi, akamnyooshea. Mkewe aliitazama flashi, akaitazama mashine iliyofumuliwa mezani, akaelewa. Alimwinamia mtoto na kuanza kumsemea mwenyewe: "Hivi hiki kidude kinanisikia? Mjukuu wangu..." Maneno aliyakumbuka vizuri. Alipofika pale mama yake alipocheka, akajaribu kukileta kicheko kile, hakikuja.

"Alikuwa anachekaje?" alimuuliza mumewe. "Niambie basi, wewe uliyeniwekea salama."

Chapuchapu aliinama, akaanza kukusanya vipande vya mashine mezani. Kompyuta mpya aliinunua baadaye, nayo ina mbio kweli, lakini mkewe haingii tena chumba kile. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.